Mboga Kati ya Nyumba Mbili

Baba yangu na mama mzaa mama yangu hawakuwahi kusalimiana kwa mkono. Watu wa Bungoma wanaelewa bila kuelezwa, lakini kwa wengine niseme tu kwamba kwetu mwanamume na mama wa mke wake wanaheshimiana kwa kutoonana. Huyu akipita huku, yule anapita kule. Hawali pamoja, hawaketi chumba kimoja, na kulala chini ya paa moja ndiyo kabisa haiwezekani. Mgeni akiwatazama anaweza kudhani wamekosana, kumbe hiyo ndiyo heshima yenyewe.

Kwa hivyo Kukhu, ndivyo tunavyomwita bibi kwetu, alipoanguka kule kijijini kwake Kabuchai akitoka kuteka maji, akalala kwenye njia ya katikati ya miwa mpaka jirani akamkuta jioni, hakuna aliyethubutu kusema aletwe kwetu Kitale. Mjomba, mwanawe wa pekee, alikuwa askari jela huko pwani na hangeweza kuacha kazi. Mama alishinda analia huku anachagua maharagwe. Baba ndiye aliyesema, bila kuinua macho kutoka kwa kiatu alichokuwa anakipiga brashi, kwamba atajenga nyumba ndogo mwisho wa ploti, mlango uangalie upande wa pili, na mama mkwe aje akae.

Watu walisema, si unajua watu. Jirani yetu mmoja, mama mwenye mdomo usiochoka, alimwuliza mama kisimani, "Kwani Kitale imewafanya ninyi wazungu? Mkwe na mkwe boma moja?" Mama akamjibu kwamba bado hajaona mzungu akikandika ukuta kwa udongo, akajitwika mtungi wake akaondoka.

Mimi nilifurahi kuliko wote. Kukhu ndiye aliyenilea Kabuchai mpaka nikafika umri wa kuanza shule, wakati baba na mama walikuwa bado wanatafuta maisha Kitale kwenye chumba cha kupanga. Harufu yake ya moshi na mafuta ya kujipaka ndiyo niliyoijua kama harufu ya nyumbani. Sasa nilikuwa msichana mkubwa, shule nimeiachia kidato cha pili, na nilikuwa na ndoto nyingi kuliko nguo. Nilijiona nina bustani kubwa, nina kibanda cha mboga kilichopakwa rangi ya kijani, na Kukhu ameketi mlangoni anawaambia wateja waache kubonyeza nyanya.

Lakini yeye alifika na mfuko mmoja na kuku mmoja, na kabla hata hajamaliza chai akatangaza kwamba amekuja kuuguza goti tu. Likipona anarudi kwake. Hawezi kuzeekea kwa mkwe watu wamcheke. Wakati huo alikuwa bado hawezi kubeba debe la maji, na kule Kabuchai hakuna ambaye angemsikia akianguka tena. Basi kila nilipoomba, niliomba goti la Kukhu lipone, ila nikamsihi Mungu asiharakishe.

Kati ya nyumba yetu na nyumba yake kulikuwa na kipande cha udongo mwekundu ambacho miaka yote kilikuwa cha mahindi, kama kila kipande Kitale. Mwaka huo kilikuwa cha brokoli. Hiyo ilikuwa kazi yangu mimi na baba. Nilikuwa nimepata kibarua kwenye shamba moja la mboga za kupelekwa ng'ambo, upande wa kwenda mji wa Kwanza, nikawekwa kitaluni, kujaza udongo kwenye trei na kudondosha mbegu, moja moja, ndogo mpaka ukipumua vibaya zinaruka. Miche ikizidi ilimwagwa kwenye lundo la takataka. Ikaniuma. Siku moja nikamwomba msimamizi, akasema beba tu. Nikaja nayo nyumbani kwenye katoni ya mkate, nimeikumbatia kifuani, na njiani mtu mmoja akaniuliza kama ni vifaranga.

Msimamizi alikuwa amenieleza kwamba hii si ile brokoli ya kichwa kimoja kikubwa. Hii hutoa vishina vingi vyembamba, na juu ya kila kishina kuna kishada cha maua ambayo hayajafunguka. Hayo maua machanga pamoja na kishina chake ndiyo chakula. Nilipomwambia baba kwamba kuna watu wanakula maua kabla hayajafunguka, alisema, "Hiyo lazima tuione."

Ndoto zangu nilizirithi kwake, hilo halina ubishi. Baba alikuwa karani kwenye stoo za mahindi, mtu wa magunia na vumbi, lakini moyoni alikuwa mkulima wa vitu ambavyo jirani hajawahi kuviona. Siku moja alikwenda matanga upande wa Bungoma, na wakati wa kurudi akapitia Mabanga, kwenye kile chuo cha wakulima, akiwa na suti yake ya matanga, kuuliza juu ya mbolea. Akarudi akisema ni samadi iliyooza vizuri, basi, na ya ng'ombe wetu imeoza vizuri. Kila jioni, kabla hata hajavua shati la kazi, alimwagilia miche kwa mkebe alioutoboa kwa msumari, anaongea nayo. Wadudu wa majani walipokuja aliwanyunyizia majivu, anawaomba radhi. Kanisani alikuwa ameshaahidi kwamba limbuko lake mwaka huu halitakuwa mahindi. Wazee wa kanisa wakataka kujua litakuwa nini basi. Akawaambia ni maua ya kula, wakacheka mpaka mmoja akavua miwani.

Maisha ya boma letu yalikwenda kwa kikohozi. Asubuhi baba alitoka na baiskeli kabla Kukhu hajafungua mlango. Jioni akifika getini alikohoa kile kikohozi cha kujitakia, na popote Kukhu alipokuwa alishika kigoda chake akaingia ndani. Hapo ndipo baba alipoingia bustanini na mkebe. Mmoja mchana, mwingine jioni, udongo ule ule, na hawakuwahi kuonana hata kivuli.

Mchana ulikuwa mrefu kwa Kukhu. Mama alikuwa anauza mitumba sokoni, mimi niko kibaruani, na kila tulipoondoka tulimwambia akae tu, apumzike. Alinilalamikia kwamba tunamfuga kama kuku wa mayai. Ndipo akaanza kung'oa magugu, ameketi kwenye kigoda, mguu mbovu ameunyoosha mbele, anakisogeza kigoda kidogo kidogo kufuata mstari. Hakuuliza ile mboga ni ya aina gani. Majani yake yalikuwa kama ya sukuma wiki, kwa hivyo kwake ilikuwa sukuma. Mimi niliona bustani inazidi kuwa safi, nikafurahi, sikufikiria zaidi ya hapo.

Wiki ya limbuko ilipofika, kila mmea ulikuwa umetoa kishada chake cha kwanza pale kileleni, kijani kilichokolea, kimebana kama ngumi ya mtoto mchanga. Baba alisema tuvikate Jumamosi jioni, Jumapili asubuhi vifike madhabahuni na umande.

Ijumaa nilipotoka kazini nilimkuta Kukhu katikati ya mistari, uso umefunguka. Sikuwa nimemwona hivyo tangu aje. Kuku walikuwa wamemzunguka wanadonoa kitu cha kijani.

"Hii mboga yenu ilikuwa inazeeka," akaniambia. "Imeanza kutoa maua na ninyi mko tu. Nimekata yote. Sasa itawapa majani mpaka mchoke."

Hapa inabidi nieleze. Kwetu mboga kama saga, ile mgagani, ikianza kutoa maua, mwanamke anayejua bustani hupita anayakata kwa kucha, ili nguvu irudi kwenye majani na mboga isikome. Ukiona saga ya mtu imejaa maua, unajua mwenyewe ni mgonjwa au amechoka na maisha. Kukhu alikuwa ametusitiri. Alikuwa ametufanyia kile ambacho mama humfanyia binti yake aliyeolewa, kwa ule ukucha wake mgumu wa kidole gumba, shina baada ya shina, na hakuacha hata moja.

Nikaangalia vile vilele vilivyokatwa. Vilikuwa vimekatwa safi sana. Nikafungua mdomo niseme. Halafu nikaona vidole vyake vimekuwa vya kijani, na jinsi alivyokuwa ananitazama, anangoja.

"Asante, Kukhu," nikasema. "Kweli zilikuwa zinazeeka."

Kikohozi kikasikika getini, Kukhu akashika kigoda akaingia ndani, akitembea vizuri kuliko siku zote. Baba akaja na mkebe. Alisimama kwenye mstari wa kwanza mpaka maji yakaisha yote, yanatiririkia kiatu chake, na mimi nikamweleza kwa sauti ya chini. Alichuchumaa akagusa shina moja, akaligusa na la pili.

"Alikuwa anafurahi?" akaniuliza.

Nikamwambia alikuwa anafurahi sana.

"Basi asiambiwe," akasema, akaenda kujaza mkebe upya.

Jumapili akapeleka boga. Wazee wakamzingira baada ya ibada, wanauliza kama maua yamefunguka yakamkimbia. Akawaambia yameliwa na wageni, naye akacheka pamoja nao, lakini njia yote ya kurudi nyumbani alitembea mbele yetu peke yake.

Siri ile ilidumu mpaka katikati ya wiki. Mama, kwa kutaka kucheka ili asilie, alimsimulia yule jirani wa kisimani, na jirani hakulala nayo. Alikwenda kumsalimia Kukhu, akakaa, akanywa chai, halafu akamwambia, "Bibi, wewe ni tajiri bana. Ati kuku wako wamekula mboga ya kupanda ndege."

Niliporudi nilimkuta Kukhu ameketi kwenye godoro mchana kweupe, leso ameivuta mpaka kwenye paji la uso. Aliniuliza kama ni kweli yale maua ndiyo chakula. Sikuweza kumdanganya mara ya pili. Akauliza kama mkwe anajua. Nikasema anajua, na kwamba yeye ndiye alisema tunyamaze.

Hilo la mwisho ndilo lililomvunja. Angeweza kuvumilia mkwe aliyekasirika, maana mkwe aliyekasirika hutumiwa wazee wakaongea naye. Lakini mkwe aliyemwonea huruma, akabeba boga kanisani akachekwa kwa sababu yake, akarudi akamwagilia mimea isiyo na kitu ili mama mkwe asijue, huyo atamlipa nini? Akaniambia Jumamosi anarudi Kabuchai. Goti limetosha. Tangu siku hiyo akakataa chakula cha jikoni kwa mama, akawa anajichemshia viazi vitamu mlangoni kwake. Mama alimbembeleza mpaka akakasirika, kisha akambembeleza tena.

Mimi kesho yake kazini sikuweza hata kushika mbegu. Wakati wa chai nikawafuata akina mama wa kuchuma, wale wanaofanya kazi huko mashambani kwenyewe na si kitaluni kama mimi, nikawasimulia habari ya bibi yangu. Walicheka, halafu mmoja akaniambia, "Wewe nawe. Kwani sisi huanza aje? Kile cha juu kinatolewa kwanza, ndio vya pembeni vipate nafasi. Nenda uangalie kwapani mwa majani."

Jioni ile sikutembea, nilikimbia. Nikaingia bustanini na sketi ya kazi, nikapiga magoti, nikainua jani. Pale jani linaposhikana na shina kulikuwa na kitu kama punje ya wimbi. Jani lingine, punje nyingine. Nikaenda kumvuta Kukhu kwa mkono, na kwa kuwa macho yake hayakuwa mazuri, nikaushika ule ukucha wake wa kidole gumba nikauweka hapo.

"Mdudu," akasema.

"Si mdudu, Kukhu. Bonyeza polepole."

Akabonyeza. Akaenda jani la pili mwenyewe, na la tatu. Nikamweleza niliyoambiwa, maneno yananitoka ovyo, kwamba hata wataalamu huanza kwa kukata, kwamba alifanya sawasawa, kwamba yatatoka mengi kuliko yale. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniambia kwa upole kwamba anashukuru yanachipuka, lakini yeye hakukata ili yachipuke. Alikata kwa kutojua, na mimea kuwa na bahati hakumfanyi yeye awe aliyejua. Jumamosi iko pale pale.

Nilikaa chini kwenye udongo nikalia kama mtoto, na yeye akanifuta kwa leso yake, lakini hakubadilisha neno.

Ndipo baba akakohoa getini. Kukhu akaingia ndani, akaegesha mlango. Nilimwendea baba nikamweleza yote, ya kuondoka na ya punje. Akajaza mkebe, akaja mpaka mwisho wa bustani, karibu na ile nyumba kuliko alivyowahi kufika, akasimama ameupa mlango mgongo. Akaniita nisimame mbele yake. Halafu akaanza kuongea na mimi kwa sauti ambayo hata ng'ombe walisikia.

"Muulize mama," akasema, "haya machipukizi yakija, atachuma nani? Mimi niko kazini, mke wangu yuko sokoni, na wewe uko kibaruani huko Kwanza. Nimeambiwa yanachumwa kila siku. Ukiyaacha kidogo tu yanafunguka manjano, na hapo ni ya nyuki. Mimi nitapoteza mboga yangu mara ya pili. Muulize anataka nifanye nini."

Nikageuka nirudie yale maneno, kama mtu angeweza kuwa hakuyasikia.

"Kukhu, baba anauliza..."

"Nimesikia," sauti ikatoka nyuma ya mlango. "Mwambie, hilo boga alilipeleka kanisani kwa nini?"

Baba akaangalia mkebe wake. "Mwambie niliona mama yetu amefurahi, nikaona hilo ndilo limbuko. Boga lilikuwa la kujazia tu."

Sikuweza kurudia hayo. Wote wawili walijua yamefika, na hakuna aliyenihimiza. Kuku walikuwa wanaingia bandani. Nilikuwa nawaza kwamba akisema hapana sasa, basi ni hapana ya milele, kwa sababu baba hawezi kusogea zaidi ya pale aliposimama.

"Mwambie," Kukhu akasema hatimaye, "anamwaga maji mengi sana. Kila asubuhi nakuta udongo umekuwa uji. Mizizi itaoza. Kama mimi ndiye wa kuchuma, basi maji apunguze."

Baba akacheka. Alicheka hajageuka, mabega yanamtikisika, maji yanaruka kwenye matundu ya mkebe. Akasema nimwambie atapunguza. Kukhu akasema nimwambie asimwagie majani, amwagie chini. Akasema atamwagia chini. Nikasimama pale katikati kama redio, sipeleki ujumbe wowote, natabasamu tu.

Jumamosi ikaja ikapita, na yeye alikuwa kwenye kigoda chake.

Machipukizi yalipokuja yalikuja kama yanafuatwa. Kukhu aliyachuma asubuhi kwa ule ule ukucha, ya leo, na kesho mengine yako tayari pale pale. Nilimweleza kwamba ng'ambo huyachemsha kidogo tu, yabaki na ugumu. Akaniambia kibichi ni cha ng'ombe. Akayapika yeye mwenyewe kama anavyopika mboga zote, kwa maziwa na munyu, ile chumvi ya majivu, mpaka yakalainika yakalala chini ya sufuria. Mama akapeleka sahani ya baba kwenye nyumba ya mbele. Kukhu alikaa mlangoni kwake, hakugusa chakula chake mpaka ile sahani iliporudi. Aliishika akaigeuza kwenye mwanga, akaona ugali umefuta kila kitu, ndipo akaanza kula.

Limbuko lilifika kanisani limechelewa, kwenye kikapu, na yule mzee wa miwani alinunua yote kwenye mnada baada ya ibada, halafu akamfuata mama kumwuliza yanapikwaje.

Hata hivyo kitu kimoja kilinisumbua. Kukhu alikuwa bado analalia godoro la kuazima, chini. Sikuthubutu kusema. Siku moja, bila kuulizwa, anachambua mboga na hata hanitazami, akaniambia kwamba binamu yangu mwenye pikapu akipata safari ya Bungoma, mimi niende naye nimletee kitanda chake. Na kile chungu kikubwa. Na kama kiti cha marehemu babu kinaingia, nacho kije.

Nikaenda. Kabuchai kulikuwa kimya, miwa imepanda mpaka inaficha nyumba. Mama mmoja wa boma la jirani alikuja kunisaidia kufungua mlango na kubeba kitanda, yeye upande wa kichwa, mimi upande wa miguu. Tulipofika nacho uani akaniuliza kama ina maana bibi harudi tena.

"Atakuja kuwatembelea," nikamwambia. "Saa hii ana kazi. Anachuma."

"Anachuma nini isiyoisha?"

"Maua. Tunakula."

Akaweka upande wake wa kitanda chini. "Hebu nieleze pole pole," akasema, na mimi nikaketi kwenye ukingo wa kitanda cha Kukhu, pikapu inapiga honi barabarani, nikaanza kumweleza.